Sauti Itoke Wapi? Mjadala wa Nyuma ya Televisheni

Swali la mjadala huu ni jepesi kulitamka, ila limezigharimu familia nyingi fedha na subira: king'amuzi, deki, simu na sabufa vikishakutana na televisheni kwenye meza moja, sauti ipite wapi kabla ya kufika masikioni? Kuna wanaosema kila kifaa kipeleke sauti yake moja kwa moja kwenye sabufa au amplifaya, televisheni ishughulike na picha tu. Wengine wanasema vyote viingie kwenye televisheni kwanza, kisha yenyewe ndiyo itoe sauti kwenda kwenye spika.

Wasemaji ni wanne. Mzee ni fundi aliyeanza kazi enzi za TV za chogo. Binti ni fundi wa kizazi cha HDMI. Mama ndiye mwenye sebule, na ndiye anayelipa. Mwenye Banda anaonyesha mpira kwa kiingilio. Nimewabuni, lakini hoja zao nimezikuta zinabishaniwa kweli katika maduka na karakana za Dar es Salaam. Nami nitaingia kati pale ambapo ukimya wangu ungempoteza msomaji.

MZEE: Nianze na waya wa rangi tatu, maana vijana wanautupa kama uchafu. Pini yake ya duara huitwa RCA kwa jina la kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, ambayo iliitumia kuunganisha gramafoni na redio kabla televisheni haijaenea. Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Hakuna menyu ya kusoma. Ukikosea tundu, sauti haitoki, unahamisha pini, kazi imekwisha. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa hapa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, nyumba zilikuwa zimejaa TV za chogo zisizoijua dijitali. Waya huu ndio uliozinusuru. King'amuzi kilinasa mawimbi, njano ikapeleka picha, na chogo likafanya kazi miaka mingine. Leo king'amuzi changu kina tundu jeupe na jekundu, na sabufa yangu inayo vilevile. Kwa nini sauti niizungushe ndani ya TV?

BINTI: Mzee wangu, heshima yako iko palepale, na waya huo siudharau. Ila umefunga mambo mawili katika kitita kimoja. Nyeupe na nyekundu ni sauti, na kwa sauti ya chaneli mbili bado zinafaa sana. Njano ni habari nyingine. Waya huo mmoja unabeba mwanga na rangi za picha vikiwa vimechanganywa, TV inahangaika kuvitenganisha, na mistari ya picha inayoonekana haizidi 576. King'amuzi cha HD kinaweza kutoa mistari 1080. Mtu ananunua TV ya inchi 55, anaichomekea njano, kisha anarudi dukani kulalamika kwamba kioo kina ukungu. Kioo hakina kosa lolote.

MZEE: Hapo sikubishii, binti. Picha iende kwa HDMI. Mimi nazungumzia sauti.

MWANDISHI: Basi tuliweke hilo kando, maana pande zote mbili zimekubaliana, na bado ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Kama king'amuzi chako kina tundu la HDMI na televisheni inalo, waya wa njano hauna kazi kati yao. Katika nyumba nyingi aliyekuja kufunga dishi alichomeka waya uliokuwa karibu, picha ikaonekana, akalipwa, akaondoka. Picha ikabaki hivyohivyo kwa miaka, wenye nyumba wakiamini kuwa TV yao ndiyo ilivyoumbwa. Geuza king'amuzi leo utazame.

BINTI: Na msidanganywe na waya wa HDMI wa bei kubwa wenye pini za dhahabu. HDMI inapeleka tarakimu. Kwa mita moja au mbili, tarakimu hufika au hazifiki. Zisipofika vizuri, utaona vidoa vya kumetameta au kioo kinazima na kuwaka. Hakuna waya wa HDMI unaoongeza wekundu wa nyanya. Bei ina maana pale tu unapovuka mita kama tano kwenda kumi, hapo waya hafifu hushindwa kweli.

MAMA: Mimi ya mistari 576 na 1080 nawaachia nyinyi. Ninachokijua ni hiki. Nilinunua TV mpya, nyembamba kama daftari, na sauti yake nayo nyembamba. Sabufa ninayo tangu zamani, nzima. Nikaigeuza TV nitafute tundu jeupe na jekundu la kutolea sauti: hakuna. Yaliyopo ni ya kuingizia tu. Nikaenda mjini, nikauziwa waya, upande mmoja HDMI, upande wa pili rangi tatu. Nikachomeka, kimya. Aliyeniuzia akaniambia TV ndiyo mbovu.

BINTI: Pole mama. TV yako ni nzima, waya ule ndio usioweza kazi hiyo. Kutoka kwenye tarakimu za HDMI kwenda kwenye mawimbi yanayopita waya wa rangi tatu, lazima pawe na kifaa cha kubadilisha, chenye chipu ndani yake na chenye kulishwa umeme. Waya mtupu hauna chipu. Na hata vile vidude vya kubadilisha vina mwelekeo: kimoja hupokea HDMI na kutoa AV, yaani rangi tatu, kingine hupokea AV na kutoa HDMI. Sura yao hulingana, tofauti ni maandishi ya juu. Kisha kuna jambo ambalo muuzaji angepaswa kukueleza kabla hujatoa pesa: matundu ya HDMI yaliyo nyuma ya TV ni ya kuingizia. Ni moja tu kwa kawaida, lile lililoandikwa ARC, linaloweza pia kurudisha sauti nje.

MWANDISHI: Nifafanue hiyo ARC, kwa sababu herufi hizo tatu zingemwokoa Mama na safari yake ya mjini. HDMI ilitangazwa Desemba 2002 na kundi la kampuni zikiwemo Sony, Philips na Toshiba. Ilikuwa na pini 19, ikabeba picha na sauti kwa waya mmoja, lakini vyote kwa kuelekea kwenye TV tu. Mwaka 2009, katika toleo la 1.4, ikaongezwa njia ya kurudisha sauti: waya uleule unaounganisha TV na saundbaa au amplifaya sasa unaweza kuitoa sauti ya TV na kuipeleka kwenye spika. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 likaleta eARC, iliyo pana zaidi na inayobeba sauti za sinema bila kubanwa. Lakini saundbaa isiyo na maandishi hayo, au sabufa ya pini nyeupe na nyekundu peke yake, haitanufaika na hayo yote.

MZEE: Asante kwa kunisaidia hoja! Sabufa zilizomo majumbani mwa watu wetu, nyingi hazina ARC. Zina nyeupe na nyekundu, redio, tundu la flashi na Bluetooth. Mnamwambia Mama anunue sabufa nyingine ili afuate mtindo wenu?

BINTI: Hapana mzee, simwambii anunue sabufa. TV ina njia nyingine za kutolea sauti. Ya kwanza ni tundu la hedifoni, lile dogo la duara. Unatumia waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja na nyeupe na nyekundu upande wa pili. Huo ni waya mtupu na unafanya kazi, kwa sababu pande zote mbili ni mawimbi. Ni njia ya bei ya chini kabisa, na rimoti ya TV inaendelea kupandisha na kushusha sauti. Ya pili ni tundu la mwanga.

MAMA: La mwanga?

BINTI: Ndiyo, mama. Toshiba walilitoa mwaka 1983. Ni tundu la pembe nne lenye kifuniko, limeandikwa OPTICAL, na TV ikiwaka linamulika mwanga mwekundu ndani. Sauti inasafiri kama mwanga kwenye uzi wa plastiki. Unanunua kidude kidogo cha kubadilisha, mwanga unaingia upande huu, nyeupe na nyekundu zinatoka upande ule, unaziingiza kwenye sabufa. Ila kuna mambo mawili yanayowatoa watu machozi. Ncha za waya huo zinakuja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu, na mtu asipovivua hausikiki mlio wowote. La pili, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV, mahali pa sauti ya dijitali, uchague PCM. Ikiwa imewekwa Dolby, vidude vingi vya bei ndogo haviielewi lugha hiyo, vinanyamaza au vinakwaruza. Nimeona watu wanavitupa vikiwa vizima.

MZEE: Na zile TV zisizo na tundu la mwanga, zenye tundu moja la RCA lililoandikwa COAXIAL? Nimeona watu wanachomeka sabufa hapo wakidhani ni ya kawaida.

BINTI: Umesema kweli. Hiyo nayo ni sauti ya dijitali, inahitaji kidude kilekile chenye mlango wa coaxial. Ukiichomeka kwenye sabufa moja kwa moja hupati muziki.

MZEE: Sasa hesabu, mama. Waya, kidude, chaja ya kidude, menyu ya PCM. Mimi kwangu: nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, kutoka king'amuzi hadi sabufa. Basi.

BINTI: Mzee, na akichomeka flashi kwenye TV atazame harusi ya mwanawe? Akifungua YouTube kwenye TV? Mwanawe wa mwisho akicheza gemu? Sauti ya hayo yote haipiti kwenye king'amuzi. Sabufa itakuwa inapiga taarifa ya habari huku kioo kinaonyesha harusi.

MAMA: Hilo limenitokea. Mjukuu alidhani ameivunja TV.

BINTI: Lakini hiyo si hoja yangu kubwa, mzee. Hoja yangu kubwa ni muda. TV ya kisasa haionyeshi picha papo hapo. Inaipokea, inaikuza ijae kioo, inasafisha chenga, inalainisha mwendo wa mpira, ndipo inaionyesha. Kazi hiyo mara nyingi hula makumi ya milisekunde, na kwenye TV nyingine huvuka 100. TV inalijua hilo, kwa hiyo sauti inayotoka kwenye spika zake hucheleweshwa makusudi ili ilingane na midomo. Ukiitoa sauti kwenye king'amuzi kwenda sabufa, umeiruka hesabu hiyo. Sauti inafika kwanza, midomo inafuata.

MZEE: Sikio gani la binadamu linasikia milisekunde 50?

BINTI: Lako, mzee. ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mawasiliano, kina pendekezo la mwaka 1998 kuhusu jambo hilihili. Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde kama 45, watu huanza kuhisi. Ikichelewa, huvumilia hadi kama 125 kabla ya kugundua. Kuna sababu: duniani mwanga hufika kabla ya sauti siku zote. Mkata kuni akiwa mbali unaona shoka limeshuka, kisha unasikia mlio. Ubongo umezoea sauti kuchelewa. Sauti inayotangulia haipo katika maumbile, ndiyo maana inaudhi hata kwa mtu asiyeweza kueleza kinachomuudhi. Na mfumo wako unaitanguliza.

MWANDISHI: Hapa naona ndipo penye kiini cha ugomvi wote, na nataka msomaji apashike. TV ya chogo haikuwa na kuchelewa huko. Mawimbi yalipoingia, mstari wa picha ulichorwa kwenye kioo papo hapo. Kwa hiyo Mzee alipokuwa akipeleka sauti moja kwa moja kwenye amplifaya miaka ya 1990 na 2000, alikuwa sahihi kabisa, na midomo ililingana. Nyaya zake hazijabadilika, wala sikio lake halijaharibika. Kilichobadilika ni kioo, ambacho sasa kinachukua muda kufikiri. Mwenye kujua ni muda gani ni TV peke yake, kwa hiyo TV ndiyo inayostahili kuwa mlango wa kutokea sauti.

MZEE: Kama ni hivyo, ingia kwenye menyu ya picha, chagua hali ya gemu, inayoandikwa Game. TV inaacha mapambo na kuchelewa kunapungua sana. Hata mimi nasoma menyu, msidhani.

BINTI: Kweli, na ni dawa nzuri kwa anayelazimika. Ila mpira wa usiku ukautazama bila kusafishwa chenga, utajuta. Nami nikiri upande wangu: Bluetooth. Vijana wanaunganisha TV na sabufa kwa Bluetooth wakidhani wamemaliza kazi. Sauti ya Bluetooth huchelewa, mara nyingi sehemu ya kumi hadi ya tano ya sekunde, na zaidi. Kwa muziki si neno. Kwa tamthilia, mtu anafunga mdomo ndipo neno linatoka. TV nyingine zina mahali pa kurekebisha, nyingi za bei ya chini hazina. Waya kwanza, Bluetooth pale tu waya unaposhindikana.

MWENYE BANDA: Mnaongea ya sebuleni. Njooni kwangu Jumamosi jioni. Nina TV mbili ukutani, king'amuzi kimoja, amplifaya na spika nne. HDMI inatoka king'amuzi inaingia kwenye kigawanyishi, inakwenda TV zote mbili. Sauti naitoa king'amuzi kwa nyeupe na nyekundu hadi amplifaya. Sauti ikitoka TV moja, siku TV hiyo ikifa mpira unabaki bubu, na mnajua watu waliolipa kiingilio wanavyokuwa. Halafu mtangazaji wa mpira hatumuoni midomo. Anatangaza, sisi tunamwangalia mshambuliaji.

MZEE: Huyo ndiye mtu wangu!

BINTI: Na mimi namuunga mkono, mzee, usinishangae. Tena ana bahati ya ziada. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 15 kutoka kwenye spika anaipata ikiwa imechelewa kama milisekunde 44. Kwa hiyo sauti iliyotangulia kwenye waya inarudishwa nyuma na hewa ya banda, na walioko nyuma wanaiona sawa. Sebule ya mita tatu haina msaada huo.

MWENYE BANDA: Basi kumbe walio nyuma wanafaidi. Nitawapandishia bei.

BINTI: Angalia tu kigawanyishi chako. Nunua chenye kulishwa umeme wake. Na TV zako zikitofautiana, moja ya 4K na nyingine ya HD, king'amuzi kinaweza kushuka kufuata ile ya chini, maana kila TV inajitambulisha inachoweza na kigawanyishi kinatafuta cha kuwatosha wote.

MAMA: Niseme langu, ambalo mafundi hamjalitaja. Nyumbani kwangu yuko mama mkwe. Hatazami, macho yamechoka. Anasikiliza redio kupitia king'amuzi, taarifa ya habari na mahubiri, kutwa. Mkipitisha sauti yote kwenye TV, itabidi TV ya inchi 55 iwake asubuhi hadi jioni ili bibi asikie redio. LUKU nanunua mimi.

MZEE: Umesema, mama. Umesema.

BINTI: Mama, hilo umenishinda, na dawa yake iko karibu. King'amuzi chenye HDMI na nyeupe na nyekundu kwa kawaida hutoa vyote kwa wakati mmoja. HDMI iende TV. Nyeupe na nyekundu ziende moja kwa moja kwenye sabufa, kwenye tundu la AUX. Sauti ya TV yenyewe iingie sabufa kwa tundu la pili, kama sabufa yako ina mawili, na nyingi zina DVD na AUX. Asubuhi bibi anaweka AUX, TV imezimwa. Jioni mnaweka ya TV. Kubofya mara moja kwenye rimoti ya sabufa.

MWANDISHI: Mama ametoa hoja ambayo sikuitarajia wakati naupanga mjadala huu, nami naiona nzito kuliko zote za mafundi. Nyumba ina watu tofauti, na njia ya sauti ipangwe kwa kumfikiria anayesikiliza. Ila sikubali kwamba haja ya bibi inaondoa hoja ya Binti. Nyaya hizo mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

MZEE: Sawa, nimewasikia. Sasa nanyi mnisikilize, maana kuna jambo hamjaligusa na ndilo lililojaza karakana yangu: umeme. Vifaa vingi siku hizi vinakuja na plagi ya pini mbili, bila ethi. Ndani ya vifaa hivyo mna kapasita ndogo zinazovujisha mkondo kidogo hadi kwenye chuma cha nje. Ndiyo maana ukishika pini ya RCA mkono huu na waya wa dishi mkono ule, unahisi kama unachomwachomwa. Mkondo ule kwa kawaida haumdhuru mtu. Lakini ukichomeka HDMI vifaa vikiwa vinawaka, unaweza kupita kwenye pini nyembamba za data, na tundu likafa. TV inawaka vizuri, flashi inasoma, ila HDMI 1 haioni kitu tena. Wananiletea wakidhani king'amuzi kimeharibika. Zima kila kitu, chomoa plagi ukutani, unganisha nyaya za picha na sauti, ndipo urudishe umeme mwisho.

BINTI: Kweli tupu. Wateja wangu nawaambia hivyohivyo.

MZEE: Na ule mngurumo mzito wa sabufa usiokoma hata mkipunguza sauti? Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo ule ni wa umeme huohuo umepata njia kwenye waya wa sauti. TV imechomekwa ukuta huu, sabufa ukuta ule, dishi limegusa bati. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri. Ukichomoa waya wa dishi mngurumo ukakoma, umempata mkosaji, na dawa ni kulizikia dishi waya wa ethi ardhini. Asije mtu akawaambia mkate pini ya ethi kwenye plagi ili mngurumo uishe. Huyo anawatafutia kifo.

BINTI: Nyongeza ndogo, mzee: waya wa mwanga haupitishi umeme hata kidogo. TV na sabufa zikiunganishwa kwa mwanga, njia ile ya mngurumo imekatika. Mara nyingi nautumia kwa sababu hiyo tu.

MZEE: Hapo umenifundisha, binti. La mwisho ni radi. Masika yakiingia, watu wanachomoa plagi ya TV na kuuacha waya wa dishi. Radi ikipiga karibu inashuka na waya wa dishi, inaingia king'amuzi, inavuka HDMI, inafika kwenye TV, na kama sabufa imeungwa inaendelea. Wingu likitanda, chomoa plagi na waya wa dishi pia. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie kabla ya kuwasha. Sheria hiyo haina upande wa Binti wala upande wa Mzee.

MWENYE BANDA: Mimi nimeshapoteza TV moja kwa njia hiyo. Wasikilizeni.

MAMA: Nami niulize moja kabla hamjaondoka. Saundbaa ya jirani yangu imeungwa ARC, na bado haitoi sauti.

BINTI: Mambo matatu, mama. Waya uwe kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, si HDMI yoyote. Kisha kwenye mipangilio ya TV uwashe ile huduma inayoruhusu vifaa kuamrishana: Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Bila hiyo, ARC mara nyingi haifanyi kazi. Mwisho, kwenye sauti, uchague spika za nje badala ya spika za TV. Ikigoma bado, zima vyote, chomoa umeme dakika moja, urudishe TV kwanza, saundbaa ifuate.

MWANDISHI: Nimefika mahali pa kutoa uamuzi. Kwa sebule ya kawaida yenye televisheni ya kisasa, upande wa Binti umeshinda: picha ziingie TV kwa HDMI, sauti itoke TV kwa ARC, kwa mwanga au kwa tundu la hedifoni, kulingana na spika uliyonayo. Anayetaka kusikiliza redio ya king'amuzi bila kuwasha kioo aongeze nyeupe na nyekundu kwenda AUX. Kwa banda, kanisa au ukumbi, njia ya Mzee ndiyo yenye akili. Kwa mwenye amplifaya kubwa ya sinema yenye matundu ya HDMI, vyote viingie kwenye amplifaya na HDMI moja iende TV. Wapo wachache, nao wengi wanajua wanachofanya. Na kuhusu umeme, Mzee amekwishahukumu na sina cha kuongeza.

Lililobaki ni lako, msomaji, na liko dukani. Wauzaji huwasha kioo, huweka picha ya samaki wa baharini wenye rangi kali, na mnunuzi analipa kwa alichokiona mbele. Usilipe kabla ya kumwambia muuzaji aigeuze. Hesabu matundu ya HDMI: king'amuzi, deki, gemu na saundbaa vinahitaji manne. Tafuta maandishi ya ARC. Tafuta OPTICAL au tundu la hedifoni kama sabufa yako ni ya nyeupe na nyekundu. Kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya nyuma ya sabufa na ya king'amuzi kwa simu, umwonyeshe muuzaji, umuulize hiki kitaingia wapi. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.